Akaunti Isiyo na Mkwe

Zimebaki dakika sita kufika saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumapili, na Provia Aanyu ameketi mbele ya kompyuta bila kuigusa. Mikono ameiweka mapajani. Skrini inaonyesha picha ya mlima na nafasi ya kuandika neno la siri, basi.

Chumba hiki ni cha kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati ndogo ya kanisa, upande wa Uganda wa Busia, si mbali na mwalo wa Majanji, wanakoegesha mitumbwi wavuvi. Mlangoni amesimama Sandra, karani wa chumba, amevaa gauni la kwendea ibada. Simu ameishika kwa mikono miwili.

Kesho saa nne, bodi ya zahanati itakaa kuamua kama Sandra abaki kazini au aondoke.

"Usiguse kitu," Provia anamwambia kwa sauti ya chini.

"Hata kipanya?"

"Hata kipanya. Leo tunataka ifanye yenyewe. Tukiisaidia, tutajidanganya."

Ikifika saa kumi na mbili kamili, kama mambo yamekaa sawa, kompyuta itasoma orodha ya wenye miadi kesho yake na kuwatumia ujumbe wa simu. Orodha nzima ina majina mia tatu na kumi na nane. Wengi ni wavuvi na wauza samaki, watu ambao leo wako Majanji na keshokutwa wako upande wa Kenya. Jumatatu ndiyo siku ya chanjo ya watoto na ya kuchukua dawa za kifua kikuu.

Tangu Januari, ujumbe wa Jumatatu haujatoka hata mara moja.

Provia ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa kijiji cha jirani na Mulanda, na shule aliishia kidato cha nne, ada ilipokwisha. Leo ana duka la meza moja mjini Tororo, mahali ambapo ukitoka nje na kuinua macho unauona mwamba mkubwa wa mji huo. Hatengenezi skrini zilizopasuka wala hauzi chaja. Anaitwa pale ambapo kompyuta ilipangiwa kufanya jambo saa fulani, na saa ile ikapita kimya.

Kazi hiyo aliianza kwa karatasi tupu. Alikuwa msichana wa kuchapa barua na kutoa nakala katika duka moja la Busia, karibu na mpaka. Kila siku saa saba mchana, printa ya duka ilitoa karatasi moja isiyo na maandishi. Mwenye duka alisema ni umeme. Wateja walisema ni majini.

"Mimi sikubisha," anasema Provia. "Ila umeme haujui saa saba. Nikasema, mtu ameiambia."

Ilimchukua wiki tatu, akisoma kurasa za msaada zilizomo ndani ya kompyuta yenyewe, kamusi ya Kiingereza kando. Mwishowe alikuta kazi iliyoachwa na aliyekuwa na kompyuta ile kabla ya kuuzwa. Alikuwa ameipangia kuchapa ripoti ya mauzo kila saa saba. Duka lake lilikuwa limekufa, ripoti haikuwa na kitu tena, lakini kazi iliendelea kuamka kwa jina lake.

Karatasi moja kati ya zile bado anayo, ameikunja ndani ya daftari lake.

Humo humo ameandika maswali matatu anayoanza nayo kila mahali. Kazi hii inafanywa kwa jina la nani? Mwenye jina yuko ndani au ametoka? Na vitu inavyovihitaji, je, mwenye jina anaruhusiwa kuvifikia?

Akieleza, hutumia mfano ambao watu wa Busia hawahitaji kufafanuliwa.

"Pale mpakani gunia la mahindi halivuki lenyewe. Linavuka na mtu, na mtu ana kitambulisho. Kompyuta ni vilevile. Ikikataa kufanya kazi, usikimbilie kuuliza imeharibika nini. Uliza ilikuwa inavuka na kitambulisho cha nani."

Anakumbuka shule moja ya bweni ambayo kengele yake ya kompyuta ilinyamaza baada ya likizo. Walimu walibadilisha vipaza sauti, kisha wakabadilisha nyaya. Kumbe mwalimu mkuu alikuwa amebadilisha neno lake la siri, na kengele, iliyokuwa ikipiga kwa jina lake, ilibaki na neno la zamani. Provia alimaliza kwa nusu saa. Siku nzima kabla ya hapo aliitumia kuuliza watu maswali.

Kwa kazi kama hiyo hulipwa shilingi elfu arobaini za Uganda, na iko miezi ambayo zinakuja kazi tatu tu. Kevo, anayetengeneza simu ng'ambo, Busia ya Kenya, na ambaye humtumia wateja, ana maelezo yake.

"Huyu mama si fundi, ni mpelelezi," anasema. "Mimi nikiletewa kompu nafungua skrubu. Yeye anafungua mdomo wa mwenye kompu."

Ni Kevo aliyempa namba ya simu ya Amoit, muuguzi mkuu wa zahanati, mwanzoni mwa Juni.

Amoit alimweleza shida kwa ufupi. Kwa miaka mitano kompyuta ilituma ujumbe bila kukosa. Tangu mwaka huu uanze inatuma siku nyingine na siku nyingine haitumi, na Jumatatu ndiyo mbaya zaidi. Karani ni mpya. Watu wa bodi wanasema anatuma anapojisikia.

Mmoja wa waliokosa ujumbe ni Aguti, anayekausha samaki Majanji. Mtoto wake alipitwa na tarehe ya chanjo ya surua kwa wiki tano, mpaka mama alipopita zahanati kwa jambo jingine. Mtoto alichanjwa siku hiyo, na yu mzima.

"Mimi nangoja simu," anasema Aguti. "Simu haisemi, mimi nakwenda kuuza samaki. Sasa kosa ni yangu ama ni ya simu?"

Provia alifika Jumanne. Sandra alimwonyesha anavyofanya. Kila asubuhi akifika, anaingia kwa akaunti iliyoandikwa jina lake, anabofya alama iliyoandikwa TUMA, na ujumbe unatoka. Provia akaomba aione kazi iliyopangiwa saa. Katika akaunti ya Sandra haikuwemo. Hapakuwa na chochote kilichopangwa.

Lakini programu yenyewe ilikuwa na kumbukumbu zake. Kila ilipotuma iliandika tarehe, saa, na jina la aliyeituma. Provia aliketi nazo mpaka mchana.

Hadi katikati ya Desemba, kila mstari ulisema saa kumi na mbili kamili, na jina lilikuwa Ojiambo. Jumapili zimo, Krismasi za nyuma zimo. Kuanzia Januari jina lilikuwa Sandra, na saa zilikuwa za mtu anayetembea kwa miguu kuja kazini: saa mbili na dakika kumi na saba, saa mbili na dakika tano, siku ya mvua saa tatu kasoro. Hapakuwa na Jumapili hata moja.

Alihesabu siku za kazi za Sandra. Zilikuwa tisini na nane. Hakuwa ameruka hata moja.

"Hapo nikajua kwamba dada huyu hana uvivu," anasema Provia. "Amekuwa akifanya kwa mkono kazi ya saa, na hakuna aliyemwambia kwamba ilikuwepo saa."

Swali la pili lilikuwa limejibika. Kwa hesabu ya Provia, kazi iliyopangwa ilikuwa ndani ya akaunti ya Ojiambo, na iliwekwa iamke pale tu mwenyewe anapokuwa ameingia. Ojiambo, karani mzee aliyemtangulia Sandra, hakuwa akizima kompyuta wala kutoka kwenye akaunti. Siku aliyostaafu, alitoka.

Lililobaki lilionekana jepesi. Akaunti ile ndiyo peke yake yenye mamlaka ya msimamizi, ya kubadilisha mipangilio ya kompyuta. Provia akamwomba Sandra aifungue.

Sandra alitazama dirishani. Alisema hiyo ni ya mzee aliyekuwa hapa zamani. Provia akauliza, mzee nani? Sandra akasema, huyo wa zamani. Neno lake la siri unalo? Hapana. Basi tumpigie simu, nani ana namba yake? Sandra akasema muuguzi anayo. Akatoka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Fundi mwingine angeweza kuhisi kuna kitu kinafichwa. Provia anasema yeye pia alihisi hivyo, ila aliamua asiseme lolote mpaka atazame chumba vizuri.

Ndipo alipokiona kiti. Kilikuwa pembeni, kiti kizuri cha ofisi chenye mto na magurudumu, kimefunikwa kitambaa safi. Sandra, kwa miezi mitano, alikuwa akikalia kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa kamba.

Sandra aliporudi na ndoo, Provia hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza kiti kile ni cha nani.

"Ni cha babu ya watoto wangu," alisema Sandra.

Ojiambo ni baba wa mume wake. Kwa Wasamia kama yeye wanaoshika desturi, na hata kwa Wateso alikotoka Provia, mke wa mwana hamtaji mkwe kwa jina lake. Hakalii kiti chake. Haingii chumbani mwake. Na mkwe naye hivyo hivyo, hukohoa mbali kabla ya kufika uani kwa mkaza mwana wake. Hakuna ugomvi hapo. Ndiyo namna ya kumwambia mtu kuwa unamheshimu.

Bodi ilipomwajiri Sandra iliangalia cheti chake. Haikuuliza ameolewa wapi.

"Jina lake liko pale juu, nikifungua linanitazama," Sandra alimwambia Provia. "Nitaingiaje mle? Ni kama kuingia anakolala."

Provia anasema hakucheka, na hakumwambia kwamba kompyuta si nyumba. Aliandika kwenye daftari, akaenda kumtafuta mzee.

Mzee Ojiambo ana miaka sitini na tisa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, ndiyo sababu ya kustaafu. Kompyuta alijifunza akiwa na miaka hamsini na tano. Alimpokea Provia nyumbani kwake, akasikiliza yote.

Kumbe yeye ndiye aliyemfungulia Sandra akaunti, wiki ya mwisho. Ndiye aliyemwekea ile alama ya TUMA, kwa ajili ya siku ambayo mtandao utakatika asubuhi. Funguo za kabati, madaftari, mihuri, vyote alimkabidhi kupitia kwa Amoit. Neno la siri hakulikabidhi.

"Neno lenyewe lina jina langu ndani," alisema. "Nampa mke wa mtoto yangu akae analiandika kila asubuhi?"

Kuhusu kazi ya saa kumi na mbili, hakuwa na wasiwasi wowote.

"Mimi nilifikiri saa ni saa. Mimi natoka, saa inabaki."

Alikuwa amesikia maneno ya bodi, lakini hakuyaelewa. Alipoambiwa kwamba mke wa mwanawe yuko karibu kupoteza kazi kwa sababu ya heshima ambayo Sandra alimpa yeye, na ile ambayo yeye alimpa Sandra, aliomba fimbo yake.

Alifika zahanati siku hiyo hiyo, Alhamisi, saa nane mchana. Alikohoa mara mbili akiwa bado kwenye lango. Sandra akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama barazani, mgongo kwenye ukuta. Mzee akakitoa kitambaa, akaketi kwenye kiti chake, akaandika neno la siri kwa vidole viwili. Provia aligeuza uso.

Fikra ya Provia ilikuwa kuunda akaunti ya tatu, isiyo ya mtu, ambayo kazi ya saa itaamka kwa jina lake hata kama hakuna aliyeingia. Ilihitaji jina. Hapo yakaanza mazungumzo ambayo Amoit bado anayaiga akiwa na wenzake jikoni.

Mzee alimwambia Amoit amuulize karani anapenda jina gani. Dirisha lilikuwa wazi, na Sandra alikuwa hatua nne kutoka hapo. Alimjibu Amoit kwamba mzee achague. Mzee akamwambia Amoit kwamba anayekaa na mashine ndiye achague. Sandra akamwambia Amoit kwamba aliyeizaa kazi ndiye huipa jina.

"Mimi katikati kama redio," anasema Amoit. "Wote wanasikiana, lakini bila mimi hakuna neno linalopita."

Mwishowe mzee akasema, "Mwambie iitwe Zamu. Zamu haina mkwe."

Kisha Sandra akamwambia Amoit kwamba jina ni zuri.

Provia akaihamisha kazi, akampa Zamu ruhusa zake, na kwenye orodha akaongeza namba za Sandra na za wauguzi ili wajue ujumbe ukitoka. Mzee alitoka kwenye akaunti yake, akakifunika kiti tena, akaenda zake. Sandra alirudi baada ya kusikia lango. Provia akabofya TUMA mara moja kujaribu, ujumbe ukatoka, wakaagana.

Ijumaa saa kumi na mbili, hakuna simu iliyolia.

Kosa hilo Provia analieleza bila kulificha. "Nilijaribu nikiwa ndani ya akaunti ya Sandra. Hilo ndilo kosa ninalowaonya watu kila siku. Ukibofya wewe, umejijaribu wewe. Hujamjaribu yule anayefanya kazi usipokuwepo."

Kumbukumbu zilionyesha kwamba Zamu iliamka kwa saa yake, ikaitafuta orodha, ikaikosa, ikalala. Orodha hukaa kwenye kompyuta ya chumba cha muuguzi wa zamu. Akaunti ya mzee na ya Sandra zilikuwa na njia fupi ya kufika huko, iliyoandikwa kwa herufi moja tu. Zamu, isiyo na mtu anayeingia na kuketi, haikuijua herufi hiyo.

"Ni kama kijijini," anasema Provia. "Mwenyeji ukimwambia 'pale kwa fundi baiskeli', anafika. Mgeni lazima umwambie barabara, mti wa kona, lango la kijani. Nikaandika anwani yote kamili."

Jumamosi alibaki Busia kwa dada yake, na kazi akaipangia ianze kesho yake. Hakutaka kuijaribu siku ambayo kuna mtu ofisini. Alitaka Jumapili, siku ambayo tangu Januari haikuwa na mwenyewe.

Ndiyo maana asubuhi hii ameketi hapa na mikono mapajani.

Saa ya ukutani inafika kumi na mbili. Skrini haibadiliki. Mlima ni ule ule, nafasi ya neno la siri ni ile ile. Provia ameshaeleza kwamba hakutaonekana kitu, kwa kuwa kazi inafanyika kwa jina la mwingine, lakini Sandra anaitazama skrini kana kwamba itamtetea.

Inapita dakika moja. Modemu, kijiti kidogo kilichochomekwa ubavuni, inawaka taa ya bluu, inazimika, inawaka tena.

Simu iliyo mikononi mwa Sandra inatetemeka.

Anasoma ujumbe wote, ambao anaujua kwa moyo kwa sababu ameutuma kwa siku zaidi ya tisini na nane, kisha anamnyooshea Provia simu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika chini ya kiwiko, kama mtu anavyokabidhi chakula. Nje, muuguzi wa zamu anapaza sauti kutoka wodini kwamba na yake imelia.

Provia anafungua daftari na kuandika saa. Kisha anamwambia Sandra aende kanisani, asichelewe.

Jumatatu benchi la chanjo lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye nyasi. Aguti alikuwepo na mtoto mgongoni, akiwaambia wenzake kwamba simu yake imepona. Saa nne Provia aliwasomea wajumbe wa bodi mistari ya kumbukumbu, tarehe kwa tarehe, bila kuongeza neno. Alipofika siku ya arobaini hivi, mwenyekiti alimwomba aishie hapo. Sandra alibaki kazini. Mjumbe mmoja alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza swali ambalo jibu lake lingekuwa hilo.

Kile kiti kilirudi nyumbani kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, kimefungwa kwenye bodaboda, magurudumu yakitazama juu. Ndilo pendekezo pekee Sandra alilotoa, na alilipitisha kwa Amoit. Mzee sasa hukalia kiti hicho kibarazani. Provia aliiongeza namba yake kwenye orodha, na kila siku saa kumi na mbili simu yake hulia. Hawezi kuusoma ujumbe, macho hayaruhusu, na mkewe akitaka kumsomea anamzuia. Anasema yeye hahitaji maneno, anahitaji saa.

Provia amerudi Tororo. Anatarajia kuanza darasa la Jumamosi ifikapo Septemba, kwa makarani wa shule, zahanati na vyama vya wakulima, watu waliorithi kompyuta kwa wengine. Kompyuta nne amezifufua mwenyewe, na mwenye chumba jirani amekubali kumwachia chumba hicho hadi jioni. Anataka siku ya kwanza isiguswe mashine hata moja.

"Nitawaambia waandike nani alikaa pale kabla yao, na aliondokaje," anasema.

Daftari lake liko wazi mezani. Chini ya yale maswali matatu ya zamani, ambayo wino wake umeanza kufifia, kuna la nne, limeandikwa kwa kalamu mpya:

Aliyekaa hapa kabla yako, ni nani kwako?